Gauni la Bluu la Shangazi Ursula

Bweri, Musoma
14 Mei 2023

Shangazi Ursula,

Shikamoo. Naandika kwa kuwa simu imetushinda. Juzi nilipopiga uliniuliza "nani?" mpaka nikachoka kujitaja, nikapaza sauti, jirani akachungulia akidhani nagombana na mume. Masikio yako yakipata nafuu tutarudi kwenye simu. Kwa sasa Alfonsi amekubali kuwa posta yetu, maadamu kila siku analeta maziwa Musoma kutoka huko Butiama kwa pikipiki yake.

Kwetu tumeamka vizuri. Masatu ametimiza miezi miwili na ananyonya kama mtu aliyeambiwa kesho maziwa yanakwisha. Evance yuko kwenye karakana yake kule Kamunyonge, anatengeneza vitanda na kuwasema wauza mbao. Naomi amerefuka ghafla. Viatu alivyovaa Krismasi sasa anavivaa binti wa jirani.

Nina mambo mawili. Kwanza, Naomi atapata kipaimara Desemba, na katekista alipomuuliza msimamizi wake ni nani, alikutaja wewe kabla hata hajatuuliza sisi. Nilifurahi. Tangu Baba atutoke, upande wake umebaki wewe tu, na nataka siku ile mkono utakaokaa begani kwa mwanangu uwe wa kwenu.

Pili, gauni lake. Wewe ulinishonea la kipaimara changu na la harusi, na Naomi ulimshonea la komunyo ya kwanza. Nikuletee kitambaa cheupe? Vipimo vyake nitaviandika, au nimlete mwenyewe akifunga shule.

Masatu anakusalimu kwa mateke.

Mwanao,
Sabina


Butiama
4 Juni 2023

Sabina mwanangu,

Marahaba. Barua imefika ikinuka maziwa, lakini imesomeka yote. Huku mvua zimeondoka mapema. Mihogo ipo, mtama ndege wamekula kuliko sisi, na yule ng'ombe mwekundu amezaa dume tena. Mwambie Evance mbao hazishuki bei kwa kusemwa.

Kusimama na Naomi nimekubali, tena kwa moyo wote. Asome vizuri. Baba Askofu akimuuliza swali asije akageuka kuniangalia mimi, nilishasahau mengi.

Gauni sitashona. Una miguu miwili, una macho mazima, una binti anayekua kila wiki, na sasa una mtoto wa pili. Utakuwa unawapelekea watu vitambaa mpaka lini? Nunua cherehani yako.

Ya mkono usichukue. Mkono mmoja unazungusha, mwingine unabaki peke yake kuongoza kitambaa, na kwa mtu anayejifunza, kola itamtoa machozi. Ya umeme ni nzuri, ina mbio, lakini hizo mbio ndizo zinazomharibia mwanafunzi, na umeme ukikatika unabaki unaitazama. Chukua ya kukanyaga. Mguu wako ndio unaoamua mwendo, mikono yote miwili inabaki kwenye kazi, na baadaye ukitaka unaifunga mota.

Usidanganyike na rangi wala yale maua ya dhahabu kwenye shingo yake. Nenda na vitambaa vyako mwenyewe: kipande cha khanga, kipande cha suruali ya jinzi na kipande cha sateni. Muuzaji atataka ujaribu kitambaa chake, ambacho mashine imeshakizoea. Shona vyako vyote, halafu geuza utazame upande wa chini, maana kwa juu karibu kila mashine inapendeza. Uzi wa chini ukiwa umelegea kama utumbo wa kuku, uliza kama inarekebishika au ndivyo ilivyo. Zungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, uone kama linakwama mahali. Na uliza kama bobini zake zinapatikana Musoma. Mashine nzuri isiyo na bobini utaifanya meza ya kuwekea redio.

Sara wa Bunda, yule niliyekuwa nashona naye sare za shule zamani, anahamia kwa mwanawe Mwanza na anauza yake. Ni ya kukanyaga na ameitunza. Anzia kwake.

Shangazi yako,
Ursula


Bweri, Musoma
9 Julai 2023

Shangazi,

Shikamoo. Naomi amefunga shule akiwa wa tisa, anasema hesabu zilimwonea. Masatu ameanza kucheka, na anacheka zaidi akiona ndoo, hatujui kwa nini. Evance amepata kazi ya vitanda vya bweni, kwa hiyo wauza mbao wamepumzika kidogo.

Kabla ya kwenda Bunda nilipita duka moja hapa mjini kuziona za umeme. Kaka wa dukani alinionyesha moja nyeupe, inashona maua, inaweka matundu ya vifungo yenyewe. Nikatoa kipande changu cha jinzi. Akasema, "Hapana mama, hii siyo ya nguo za namna hiyo." Nikamshukuru nikaondoka.

Kwa Sara nilifanya kama ulivyoandika. Khanga ilipita. Jinzi ilipita, hata pale mshono unapokutana na mshono. Sateni ilijikunja nikakata tamaa, lakini Sara akatoa sindano, akaweka nyembamba zaidi, ikanyooka. Evance hakuangalia uzi wala sindano. Alilala chini ya meza akigongagonga, akatoka na vumbi kichwani akasema, "Mbao ni mninga. Cherehani ikifa, meza tunabaki nayo." Basi tukanunua. Imesafiri kwa kigari cha mizigo, kirikuu, hadi hapa, na sasa iko dirishani, nimeifunika na kitenge changu kizuri kuliko ninavyojifunika mwenyewe.

Sara anakusalimu. Aliniambia, "Ursula alikuwaga hakosi Pasaka kwangu. Mwaka huu nilipika, nikala peke yangu. Anaumwa?" Nikamjibu kwamba u mzima. Ila nilipokuwa nasema hivyo nikagundua kwamba sijui. U mzima, Shangazi?

Njoo wiki moja unifundishe. Kitanda kipo, samaki sato wapo, na Naomi anataka kukuonyesha anavyokariri.

Mwanao,
Sabina


Butiama
20 Agosti 2023

Sabina,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, kazi za hapa na pale. Mwambie Naomi wa tisa si mbaya. Mama yake aliwahi kuwa wa mwisho na akasema mwalimu amekosea kuhesabu watoto.

Umechagua vizuri. Itie mafuta ya cherehani, matone machache kila Jumamosi, na ya kupikia yasikaribie. Uzi wa juu na wa chini uwe wa aina moja, na rangi ifanane na kitambaa. Mtu asiyefuata rangi ya uzi anaonekana tangu barabarani. Kitambaa cha pamba kiloweke na kukianika kabla ya kukata, la sivyo gauni litarudi likiwa mwilini.

Anza na gauni la majaribio kwenye khanga iliyochakaa. Ukikosea fumua, fua, matundu yatajifunga. Ila kwenye sateni na tetroni uwe mwangalifu. Huko matundu ya sindano hayaondoki, hata upige pasi mpaka mkaa uishe.

Kuja kwa sasa siwezi, nina ng'ombe. Na wewe usije na mtoto mchanga, huku kuna mafua mabaya. Mwambie Alfonsi barua aziache dukani kwa Judith, na zangu atazikuta hapohapo. Hana haja ya kufika mpaka nyumbani, njia imeharibika.

Ursula


Bweri, Musoma
3 Septemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Sote hatujambo, isipokuwa kidole changu cha shahada, sindano ilikipitia wiki jana. Ukucha umekuwa mweusi. Evance alinifunga kitambaa akaniambia hata yeye ana makovu ya kazi, sasa tumekuwa mafundi wawili ndani ya nyumba moja.

Nikueleze nilivyoharibu ili ucheke. Siku ya kwanza gurudumu lilikuwa linanirudia nyuma, uzi ukajisokota huko chini mpaka ikabidi koleo. Baadaye nikamshonea Naomi blauzi ya kitenge chenye ndege. Mbele ndege wanatembea vizuri. Mgongoni wamelala miguu juu wote, nilikata bila kugeuza. Naomi ameivaa kwenda kwa rafiki zake, anasema ndiyo fasheni. Mtoto yule ana moyo.

Lakini gauni jeupe limekamilika. Nilianza na la khanga, nikafumua mabega mara mbili, ndipo nikakata kitambaa chenyewe. Kola imekaa. Evance alilishika akaligeuza ndani nje, kama anavyokagua droo, akasema hajaona kasoro.

Sasa ni zamu yako. Msimamizi hawezi kusimama na nguo ya zamani wakati mimi nina cherehani. Nimepata tetroni nzuri ya zambarau. Niletee vipimo: kifua, kiuno, nyonga, na urefu kutoka begani. Mwombe Judith akushikie futi.

Na lingine. Barua yako ya mwisho ilikuwa na maneno makubwa kama ya mtoto wa chekechea. Zamani ulikuwa unabana herufi ili kuokoa karatasi. Alfonsi nimemuuliza habari zako, anasema hajakuona siku nyingi, barua tu anazikuta dukani. Nini kinaendelea huko?

Mwanao,
Sabina


Butiama
1 Oktoba 2023

Sabina,

Marahaba. Pole ya kidole. Huo ukucha utatoka, mwingine utaota.

Huku hakuna kinachoendelea. Maneno yalikuwa makubwa kwa sababu umeme ulikatika.

Vipimo havina haja. Nimekutumia gauni langu la bluu la tetroni, Alfonsi analo kwenye mfuko wa sandarusi. Pima hilohilo. Mwili wangu ni uleule unaoujua, usipunguze kitu. Mikono iwe mirefu, ifike kwenye kifundo.

Ikitokea nimeshindwa kufika Desemba, Sara ni mtu wa kanisa, anaweza kusimama na Naomi. Nasema ikitokea tu.

Ursula


Bweri, Musoma
22 Oktoba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Huku tunaendelea, habari nyingine nitakuandikia siku nyingine.

Gauni la zambarau hilo hapo. La bluu nimelibakiza kwangu kwanza. Nimepima hilohilo kama ulivyoagiza, ila sikufuata mshono uliopo. Nimefuata ule wa ndani kabisa. Livae, halafu uniandikie.

Sara hatasimama na Naomi. Utasimama wewe.

Sabina


Bweri, Musoma
12 Novemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Alfonsi kila siku anarudi mikono mitupu. Judith amemwambia mzigo ulikufikia mkononi. Basi kwa kuwa hujibu, nitasema mimi.

Lile gauni lilipofika niliweka meza sawa nikaligeuza ndani nje, kwa sababu wewe ulinifundisha nitazame upande wa chini. Pembeni nikaona matundu ya sindano. Mstari mmoja, na ndani yake mwingine, na ndani zaidi mwingine tena, pande zote mbili, kutoka kwapani hadi nyongani. Ulilipunguza, ukalipunguza tena, ukalipunguza tena. Kisha nilipoomba vipimo ukaifumua mishono hiyo yote ya kupunguzia, ukapiga pasi, ukaniletea gauni la mtu mnene.

Kwenye matundu kulikuwa na vipande vya uzi uliokatika. Mweusi, Shangazi. Uzi mweusi kwenye gauni la bluu. Wewe uliyewahi kunirudisha dukani nikiwa na homa kwa sababu nilileta uzi wa kijani usiofanana. Nilipoona ule weusi nilikaa chini. Kukonda mtu anaweza kukonda kwa kazi. Lakini nilijua kwamba rangi ya uzi huioni.

Nikaziweka pamoja barua zako. Huendi kwa Sara. Hutaki Alfonsi afike. Hutaki mimi nije. Hutaki kushona. Unataka mikono mirefu katika joto la Desemba.

Nimekasirika, na nitaisema hasira yangu kwa heshima zote: umenidanganya kwa nguo, na mimi ndiye mtoto uliyemfunga nepi baba yake akiwa kazini. Lakini zaidi ya hasira naogopa. Wazee wangu wote wa upande ule wamekwisha. Sitaki kuja Butiama kupokelewa na watu waliojifunga khanga kiunoni.

Nakuomba uende hospitali. Si kwa ajili ya kipaimara. Naomi akikosa msimamizi atampata mwingine, mimi nikikukosa wewe sina pa kwenda. Ukikataa, Jumamosi ijayo nakuja na Masatu mgongoni, mafua yawepo yasiwepo.

Mwanao,
Sabina


Butiama
16 Novemba 2023

Sabina mwanangu,

Marahaba. Naandika mchana, jua linawaka, na bado mistari inapanda na kushuka. Umeme haukukatika siku ile.

Nilikukasirikia sana. Gauni nililivaa dakika ileile Judith aliponiletea. Nilitegemea lipwaye, nikuandikie kwamba hujui kupima. Likanikaa. Kiunoni, mabegani, kila mahali, kama la mtu aliyenizungushia futi nikiwa nimelala. Nikakaa kitandani nikiwa nimelivaa na sikujua nimgombeze nani. Tena ni mimi niliyekuambia habari za matundu kwenye tetroni. Nilikufundisha, kisha nikasahau kwamba ulikuwa unasikiliza.

Kutunga uzi kulinishinda tangu Machi. Judith ndiye alikuwa akinitungia, na dukani kwake ana mweusi na mweupe tu. Nikasema mweusi utafanana. Aliniapia hatasema, na hakusema, usimlaumu.

Sababu unaijua hata kama hujaisema. Shangazi yako Flora alikonda hivihivi. Alipopelekwa kupimwa alirudi ndani ya sanduku. Mimi nikajiambia, nisipopimwa sina kitu. Na watu wa huku akikonda mtu wanamaliza msiba wake mdomoni yeye akiwa bado anakamua ng'ombe. Ndiyo maana nikaacha kwenda kwa watu, na Misa nikawa nakwenda ile ya alfajiri, nakaa nyuma.

Barua yako Judith alinisomea, mimi sikuiweza. Alipofika pale pa nepi alisimama, akaenda kupima sukari ya mteja ambaye hata hakuwepo. Akarudi, akamaliza.

Jana nimekwenda. Nilivaa la zambarau. Nikasema kama ni kupimwa, nipimwe nikiwa nimependeza. Nesi akaniuliza maji nakunywa kiasi gani. Nikamwambia ndoo inakwisha, nilidhani ni joto. Akanitoboa kidole, akaangalia, akamwita mwenzake. Ni kisukari, Sabina. Kimekaa muda mrefu bila kuguswa. Wamenipa vidonge, wamenikataza chai ya sukari na ugali wa udaga, huu wa muhogo wetu, wa kujaza sahani, na kila wiki narudi. Daktari anasema macho huenda yakarudi sukari ikishuka, ila hakuniahidi.

Nilikuwa nimejiandaa kusikia jina la ugonjwa wa Flora. Alipotaja hili jingine nilimwomba arudie, na si kwa sababu ya masikio.

Usije na Masatu. Safari hii si uongo, kweli ana mafua mtoto wa Judith. Mtume Evance siku moja kabla ya kipaimara, nitakuwa tayari mlangoni.

Shangazi yako,
Ursula


Bweri, Musoma
19 Novemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama getini, Alfonsi akinisubiri nimpe kopo lake la maziwa. Nililia, akadhani ni msiba, akavua kofia. Nikamwambia ni sukari. Akasema, "Basi mama, sukari siyo kifo, babu yangu anayo na anaoa." Nimekuandikia hivyo hivyo alivyosema.

Evance atakuja na gari la rafiki yake. Chai hapa tutakunywa wote bila sukari, Naomi ameshaanza na analalamika. Sato nitachemsha.

Vidonge usiruke hata kimoja. Mwombe Judith akusomee na mstari huu kwa sauti.

Mwanao,
Sabina


Butiama
25 Februari 2024

Sabina mwanangu,

Marahaba. Naona maandishi yangu yamerudi kubanana, kwa hiyo hutalalamika tena kwamba nakujazia ukurasa bure. Ng'ombe mwekundu ana mimba. Mihogo tumeivuna, udaga nawapikia wengine, mimi nakula kidogo pembeni na mboga nyingi, kama mgonjwa wa kwenye kalenda ya hospitali. Nesi amefurahi na namba za mwezi huu. Masatu kama amesimama, mshonee suruali yenye mpira kiunoni, vifungo atavila.

Naomi alinitumia ile picha ya kipaimara. Nimeitundika. Natazama mkono wangu kwenye bega lake, ule mkono mwembamba ndani ya mkono mrefu wa gauni, na sioni aibu. Mwambie alijibu vizuri. Mimi ndiye niliyetaka kugeuka kumwangalia yeye.

Sasa nikuandikie la leo. Jumapili iliyopita nilivaa la zambarau kwenda Misa, likakataa kufunga zipu. Nilibana pumzi mpaka Baraka ya mwisho. Nimenenepa, Sabina. Nyumbani nikaligeuza ndani nje nione kama kuna pa kuongeza, na hapo ndipo nilipoona ulivyoacha kitambaa ndani ya mshono, kingi, pande zote. Nikasema huyu bado mwanafunzi, nani anaacha akiba nene hivi, si ndiyo maana lilikuwa linanikuna mbavuni. Nikachukua lile la bluu ulilorudisha, nikayatandika kitandani moja juu ya jingine ili nipime. Akiba yako inaishia palepale ulipo mshono wa la bluu. Si ndani yake, si nje yake. Ulikata kitambaa cha mwili wangu wa zamani wote, ndipo ukashonea ndani ule uliobaki.

Uliyafanya hayo Oktoba. Hukuwa unajua naumwa nini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamtaja Sara. Nimekaa pale kitandani nikalia mpaka Judith akaja kugonga.

Nimelifumua pembeni, nimeongeza kidogo, nikalishona upya kwenye cherehani yangu. Kitambaa kingine bado kimebaki ndani, cha kutosha. Matundu ya mshono wako wa kwanza yanaonekana kwa nje, na nimeyaacha.

Uzi ni wa zambarau. Nimeutunga mwenyewe.

Shangazi yako,
Ursula